Nusu Iliyotangulia

Kivuli kiliruka kwanza, miguu ya mtoto ikafuata.

Fundi aliliona jambo hilo siku ile ile ya kwanza, akayasingizia macho. Mtu aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta tangu asubuhi hana haki ya kuyaamini macho yake. Akarudisha nyuma sekunde tano, akatazama tena. Binti yake alikuwa uani akiruka kamba, jua la utosi limekibana kivuli chake chini ya nyayo, naye anahesabu kwa sauti: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kila alipotaka kuruka, kivuli kilikuwa kimesharuka. Tofauti ilikuwa ndogo mno, kama ya mtu anayedakia maneno ya mwenzake kwa kuwa anajua atakachosema.

"Mashine imechoka," Fundi alijiambia. "Na mimi pia."

Kazi yake ilikuwa kuhamisha picha za kanda za kamera na kuzigeuza faili, ili watu wazitazame kwenye simu. Alifanyia kazi hiyo katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, mapazia yamefungwa mchana kutwa, kanda za watu zimepangwa hadi darini. Harusi za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Lakini mganga hajigangi. Mwanawe mwenyewe, yule aliyembandika jina la Kereng'ende kwa sababu hakutua mahali pamoja, alikuwa amempiga picha za video mara moja tu, dakika kumi na moja, siku aliyoazima kikamera kidogo cha dijitali. Mwaka ule ule homa ya siku nne ikamchukua, akiwa na miaka saba.

Miaka miwili ilikuwa imepita. Mkewe alikula alipoambiwa ale, akajibu alipoulizwa, akalala akiutazama ukuta. Alikuwepo nyumbani kama kabati lilivyokuwepo. Fundi hakuwa na maombi makubwa kwa Mungu. Alitaka mke wake arudi, basi. Kwa hiyo alipoikuta ile kanda chini ya begi la nyaya, alikaa sakafuni papo hapo, ameishika.

Kanda ilikuwa imeota ukungu. Alijua ingekubali kuchezeshwa mara moja tu, na kweli, ilipomaliza kupita, mashine iliitafuna ikaitoa kama uzi uliochezewa na paka. Haidhuru, picha zilikuwa zimeshaingia kwenye kompyuta, katika faili moja kubwa ghafi. Ikabaki kuigeuza.

Akapanga mipangilio kwa utulivu wa mtu anayemvisha mtoto nguo za sikukuu. Ukubwa wa picha akauacha ulivyo. Ubora akaupandisha hadi mwisho, maana kwa mwanawe asingebania. Chini kabisa kulikuwa na swali moja dogo: nusu ipi itangulie?

Kamera za aina ile hazipigi picha nzima kwa mkupuo. Hupiga mistari nusu, mmoja ndiyo mmoja siyo, kisha hupiga nusu iliyobaki kujaza mapengo, kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana. Kati ya nusu na nusu hupita muda mdogo kuliko kope kugusana, lakini ni muda. Mashine lazima iambiwe ipi ilianza. Zile kanda kubwa za zamani zilizojaa chumbani kwake zilianza na nusu ya juu. Kikamera kidogo cha dijitali huanza na nusu ya chini. Fundi alilijua hilo, tena alikuwa akiwacheka mafundi wenzake waliokosea. Lakini mkono una kumbukumbu zake. Miaka kumi na minane ulikuwa umebonyeza "juu", na siku ile, machozi yakiwa yamemjaa mwenye mkono, ukabonyeza "juu".

Halafu, akitaka mtoto aruke kwa ulaini, akaiamuru programu ifanye kila nusu kuwa picha kamili, picha hamsini kila sekunde. Kazi ilipokwisha akatazama mwanzo tu, akaifuta ile faili ghafi. Ndivyo alivyofanya kazi pale: diski ilikuwa ndogo, wateja wengi, na mali ghafi haikai ikishageuzwa. Kivuli alikigundua nusu saa baadaye.

Alitaka kunyamaza. Lakini mlango ulifunguliwa, na mkewe akasimama pale amevaa kanga moja, amevutwa na ile sauti ya kuhesabu.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye."

Alikaa kwenye benchi karibu na mumewe. Alitazama dakika zote kumi na moja bila kupumua sawasawa. Mtoto alipokosea hesabu akaisonya kamba, mama akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu kwa kukosa kutumika, lakini Fundi alikisikia hadi kwenye mifupa. Nani angemwambia habari za kivuli baada ya hapo?

Tangu siku hiyo alikuja kila adhuhuri. Alioga kwanza. Siku ya pili alichana nywele. Siku ya tatu alisema, akitabasamu kwenye kioo, "Leo amenitazama."

Fundi aliikumbuka siku ile ya uani neno kwa neno. Alikuwa amemwita mtoto, "Kereng'ende, tazama huku," na mtoto, macho kwenye vidole vya miguu, akamjibu, "Usinichanganye hesabu, Baba." Hakuinua uso hata mara moja. Dakika kumi na moja nzima, utosi na pua tu.

Mkewe alipotoka, alifunga mlango, akaisimamisha video, akaanza kuisogeza picha moja moja.

Picha ya kwanza: mtoto amesimama wima, mikono imening'inia, hana kamba. Anaitazama kamera.

Picha ya pili: mtoto yuko hewani, kamba juu ya kichwa, uso chini.

Ya tatu: amesimama, anatazama. Ya nne: hewani. Ya tano: amesimama, tena amesogea mbele hatua moja. Walikuwa wawili, wamepeana zamu, mmoja ndiyo mmoja siyo, na jicho la binadamu, likipitishiwa picha hamsini kwa sekunde, liliwachanganya likaona mtoto mmoja. Yule aliyesimama alikuwa na gauni lile lile na pengo lile lile la jino. Ila hakuwa na kivuli. Kivuli kilikuwa chini ya yule mwingine, na kilikuwa kimemkamata miguu.

Kesho yake harufu ikaja. Ilikuja adhuhuri, haikutoka jikoni wala dirishani: harufu tamu ya dawa ya maji ya watoto, ile waliyomnywesha Kereng'ende kwa kijiko siku zile nne. Ikafuata sauti ukumbini. Pa. Pa. Pa. Kamba inagonga saruji. Fundi alifungua mlango ghafla. Ukumbi ulikuwa mweupe kwa jua, mtupu, na juu ya saruji kulikuwa na mstari mwembamba wa vumbi lililofagiwa na kitu kilichopita na kurudi, kupita na kurudi.

Alijaribu kuirekebisha peke yake. Dawa yake haikuwa ngumu: katika kila jozi tupa picha ya kwanza, bakisha ya pili. Mara tatu aliiamuru programu, mara tatu ikamaliza, na mara tatu alipofungua faili mpya alimkuta yule aliyesimama, amekaribia zaidi, uso umejaa kioo. Na yule wa kamba alikuwa nyuma, mdogo, anaruka huku analia, na bado anahesabu. Kila alipokuwa akifanya kazi hiyo, ng'ambo ya ukuta alimsikia mkewe akinong'ona na simu mkononi, maana alikuwa amejinakilia video, "Kereng'ende. Mama yuko hapa. Sema tena."

Hapo Fundi akamwita Shangazi.

Shangazi alikuwa dada wa baba yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, aliyewatoa watu majini na mapepo kwa miaka arobaini bila kumwogopa hata mmoja. Alifika asubuhi na mkoba wake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda kama ng'onda? Iko wapi hiyo sinema yako?"

Alionyeshwa. Alitazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha akaomba kioo kizimwe. Fundi alimuuliza kama awashe ubani.

"Ubani wa nini? Huyu hakuingia kwa pua." Aliushusha mkoba, akashusha na sauti. "Sikiliza, mwanangu. Kila binadamu ana wa kumfuata nyuma, nusu hatua. Ukigeuka, hayupo. Hana madhara, kwa sababu hana zamu. Mwenye mwili akifa, wake hubaki anazurura, hana wa kumfuata. Sasa huyu amepewa zamu. Amepewa na picha nzima ya kuvaa. Nani amempa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mkono tu, Shangazi. Mazoea."

"Mazoea yana taabu," alisema, wala hakumcheka. "Mkono uliompa ndio utakaompokonya. Leo, adhuhuri, saa yake. Na wewe, mkwe, njoo."

Mke wa Fundi alikuwa mlangoni, amesimama muda mrefu kuliko walivyojua.

"Kinachoitwa hakiondoki," Shangazi alimwambia taratibu. "Wewe umekuwa ukimwita, ndiyo maana mumeo anatwanga maji kwenye kinu. Lete simu. Tutafunga mlango huu. Mashine ikifanya kazi, atakuja kubisha. Ataita, na atakuita wewe. Usiitike. Akiitikiwa, basi huyo ni wa aliyemwitikia, na mimi nitachukua mkoba wangu niende zangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi." Aliitoa simu kwa vidole viwili, kama mtu anayejing'oa kucha. "Na yule wa kweli atabaki?"

"Atabaki," Fundi alidakia. "Atabaki safi kabisa, mke wangu. Nakuapia."

"Atanitazama?"

Shangazi alisukuma komeo.

Saa sita na dakika tatu Fundi alianza kazi. Alifuta kwanza nakala ya kwenye simu, akachagua kutupa picha ya kwanza ya kila jozi, akaangalia mara mbili, akaangalia mara ya tatu kwa kidole juu ya kioo, maana akikosea hapo angekuwa amemzika mtoto wake mara ya pili na kumbakishia mama yake jini. Kipimo kikaanza kujaa. Asilimia tatu. Asilimia saba.

Kwenye kumi na tano, harufu ya dawa ikapenya chini ya mlango.

Kwenye ishirini na mbili, kamba. Pa. Pa. Pa.

"Msiongee," Shangazi alinong'ona. Mke wa Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ameing'ata kanga yake.

Kwenye arobaini kamba ilinyamaza, na kikaja kitu kibaya kuliko kamba, yaani nyayo ndogo zisizo na viatu zinazotembea ukumbini bila haraka, zinafika mlangoni, zinasimama, na vidole vinaanza kuupapasa mlango kwa chini, pale anapofikia mtoto wa miaka saba, vinapanda, vinashuka, vinatafuta mshikio kama vile mwenye vidole amesahau ulipo kwa sababu ni siku nyingi hajaingia chumba hiki.

"Mama," sauti ilisema.

Fundi aliikazia macho namba. Hamsini na moja.

"Mama, nimefika mia. Nimefika mia bila kukosea."

Machozi yalimtoka Shangazi mwenyewe, mwanamke wa miaka arobaini ya kazi, lakini alimshika mkwewe kiganja akakibana. Sitini. Sitini na nane. Kompyuta iliunguruma, feni yake ikapandisha sauti, taa ya dari ikafifia ikawaka ikafifia, na mlango ulikuwa unasukumwa sasa, si kwa nguvu, kwa adabu, kama mtoto aliyefundishwa kwamba Baba akiwa kazini hasumbuliwi, na Fundi, ambaye ndiye aliyemfundisha hivyo, alijiziba masikio kwa mabega kwa sababu mikono hakuthubutu kuiondoa kwenye mashine, akawa anaomba kimoyomoyo, sabini na tisa, Mungu wangu, themanini, usimsikie, mke wangu, themanini na nne, usisikie, vumilia, zimebaki dakika mbili tu kati ya miaka yote tuliyoishi.

Sauti ya mlangoni ikaacha kuita. Ikakohoa.

Kilikuwa kile kikohozi cha siku ya nne ya homa. Kikavu, kifupi, na baada yake ile pumzi ya kuvuta hewa isiyotosha. Wazazi wote wawili walikijua. Siku ile mama mtu alikuwa ameenda kuchota maji, na mtoto alikohoa hivyo, akaita mara moja, na mama aliporudi na ndoo hakukuwa tena na wa kuitikiwa.

Tisini na tano. Tisini na nane.

"Nimemaliza!" Fundi alifoka. "Nimemaliza, tazama!" Akageuza kioo. Na kweli alikuwepo, peke yake, Kereng'ende wake mzima, juu, chini, kivuli kimeshikamana na nyayo kama inavyopasa, uso umeinama, anahesabu ishirini na sita, ishirini na saba. Hakukuwa na mwingine. "Mke wangu, njoo umwone. Ni yeye. Njoo."

Mkewe alikuwa ameshasimama. Alitazama kioo, tena kwa upendo, hilo Fundi angeliapia hadi kaburini. Nje kikohozi kikasikika tena, dhaifu zaidi.

"Huyo haniiti," alisema.

"Mkwe!" Shangazi alimrukia, akaambulia pindo la kanga.

"Abee, mwanangu," mama akaitika. "Nakuja. Safari hii nakuja."

Akavuta komeo. Nje kulikuwa na jua tupu na saruji tupu. Alipiga magoti kizingitini, akafungua mikono, na mikono ikajaa kitu, kwa sababu ilisimama ikiwa imepinda na misuli yake imekaza. Kisha akainuka kwa uzito, akaondoka nacho ukumbini kuelekea uani.

Shangazi aliokota mkoba wake. Alionekana mzee ghafla.

"Nimefukuza wengi walioingia kwa nguvu," alisema. "Aliyefunguliwa mlango sina dawa yake, mwanangu. Kaa naye vizuri." Hakuaga vinginevyo.

Fundi alibaki chumbani na dakika zake kumi na moja safi. Alizichezesha zote. Mtoto aliruka, akahesabu, akakosea, akasonya. Hakuinua uso.

Alasiri alisikia mtu akiimba jikoni. Akatoka nje, akakaa kwenye benchi la uani. Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mkewe alisimama pale amevaa gauni la njano, lile lililokaa kabatini miaka miwili, nywele amezisuka, mashavu yana damu. Alikuwa anacheka kwa jambo lililokuwa limesemwa ndani. Aliushikilia mlango wazi kwa kiwiko, sinia la chai mikononi, akangoja muda ule ule anaohitaji mtoto mdogo kupita, akisema, "Haya, polepole, usije ukajiunguza," ndipo akauachia.

"Mbona umenuna hivyo, mume wangu?" alimuuliza kwa ile sauti ya zamani ya utani ambayo Fundi alikuwa ameiombea kila siku. "Si nimerudi?"

"Umerudi," Fundi alisema.

"Basi sogea tukae."

Fundi akamtazama, akatazama pale kando yake pasipokuwa na mtu. Akasogea, akaacha nafasi ya wawili.